Deni la Safari: Jinsi Ushauri Nasaha Unavyosaidia Familia Zenye Jamaa Ughaibuni

Kuanzia Mtwapa hadi Marafa, si jambo geni siku hizi kukuta familia ambayo mama, binti au kijana wa kiume amekwenda kufanya kazi Saudia, Qatar, Oman au Dubai. Wengi huondoka kwa sababu zinazojulikana na kila mkazi wa Kaunti ya Kilifi: kibarua cha hoteli Malindi au Watamu hupotea watalii wanapopungua, mvua ikikosekana Ganze na Magarini shamba halitoi kitu, na karo haisubiri.

Pesa zinazotumwa na Wakenya walio nje ya nchi ni nguzo ya uchumi. Kwa mujibu wa Benki Kuu ya Kenya, mwaka 2024 pekee walituma nyumbani karibu dola bilioni 4.9 za Marekani, na Saudia ni miongoni mwa nchi zinazoongoza kwa fedha hizo. Nyuma ya takwimu hiyo kuna jambo lisilozungumzwa sana. Familia nyingi huanza safari hiyo zikiwa tayari zina deni, na deni hilo ndilo huwagombanisha mume na mke, mama mkwe na mkaza mwana, ndugu na ndugu.

Afya ni mojawapo ya huduma zilizogatuliwa na Katiba ya mwaka 2010, na afya ya akili ni sehemu yake. Ndiyo maana mkazi anayelemewa na mawazo ya deni, au familia isiyosikilizana tena kwa sababu ya pesa zinazotoka ng'ambo, ana haki ya kuingia katika kituo cha afya na kuomba usaidizi kama anavyofanya mwenye homa. Makala haya yanaeleza usaidizi huo ni upi, unafaa wakati gani na mkazi aanzie wapi.

Deni huanza kabla ya ndege kupaa

Waswahili husema kukopa harusi, kulipa matanga. Siku ya kuaga huwa na shangwe. Majirani hufika, picha hupigwa, na anayeondoka huahidi kutosahau mtu. Lakini ukihesabu gharama zilizomfikisha hapo, utakuta pasipoti, cheti cha tabia njema, vipimo vya afya, mafunzo, nauli za kwenda na kurudi Mombasa au Nairobi, na mara nyingi pesa za "kuharakisha" alizodai dalali.

Fedha hizo hutoka kwa chama cha kina mama, kwa mkopo wa simu, kwa shailoki wa sokoni, au kwa kuuza mbuzi na kuweka rehani kipande cha shamba. Kuna pia deni lisiloandikwa popote. Mjomba aliyetoa Sh5,000, jirani aliyechanga Sh500 na kaka aliyeuza pikipiki yake hawakusaini karatasi, lakini kila mmoja ana matarajio yake. Shukrani ikichelewa, lawama huanza.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi. Kwa kazi za nyumbani nchini Saudia, makubaliano kati ya Kenya na nchi hiyo yanamtaka mwajiri ndiye agharamie ada ya wakala, visa na tiketi ya ndege. Aliyeitishwa makumi ya maelfu ya pesa kwa ajili ya vitu hivyo ana sababu ya kuuliza maswali kabla ya kukopa. Orodha ya mawakala walioidhinishwa huwekwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira (NEA), na kuikagua hakugharimu chochote. Aidha, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka mkataba wa kazi ya nje uthibitishwe na afisa wa leba. Dalali anayekwepa hatua hiyo hafai kuaminiwa.

Hesabu inayoleta ugomvi

Ili kuelewa kwa nini nyumba huvurugika, ni vyema kuangalia hesabu. Chukulia mfano wa familia iliyokopa Sh80,000 kutoka kwa shailoki anayetoza riba ya asilimia 20 kwa mwezi. Riba peke yake ni Sh16,000 kila mwezi. Mama anapata kazi ya nyumbani Riyadh kwa mshahara wa riyali 900, yaani karibu Sh31,000. Miezi mitatu ya kwanza hatumi kitu, kwa sababu ya kusubiri taratibu za huko na mshahara kuchelewa. Kuanzia mwezi wa nne anatuma mshahara wote bila kubakisha chochote.

Mwaka ukiisha atakuwa ametuma Sh279,000. Riba ya miezi 12 ni Sh192,000. Kinachobaki kwa chakula, karo na matibabu ni Sh87,000, ambazo kwa miezi hiyo tisa hazifiki Sh10,000 kwa mwezi. Zile Sh80,000 za mwanzo bado zipo vilevile, hazijaguswa.

Sasa wasikilize watu wawili wenye hesabu hiyo moja. Aliye Riyadh anajua ametuma zaidi ya robo milioni, na akipiga simu anaambiwa mtoto amerudishwa nyumbani kwa karo. Anauliza pesa zimekwenda wapi. Aliye nyumbani anajua kila mwezi shailoki humsubiri mlangoni, na anachobaki nacho hakitoshi unga. Anasikia swali la mkewe kama tuhuma ya wizi. Mmoja anamwona mwenzake mfujaji, mwingine anaona amedharauliwa. Katika mfano huu hakuna aliyekula pesa. Riba ndiyo imezila.

Deni lilelile la Sh80,000 likichukuliwa kwenye Sacco kwa riba ya asilimia moja kwa mwezi kwa salio linalopungua, lingelipwa kwa takriban Sh7,100 kwa mwezi na kwisha kwa mwaka mmoja. Bila shaka Sacco hutaka mtu awe ameweka akiba na awe na wadhamini, jambo linalohitaji kupangwa mapema. Lakini tofauti hiyo inaonyesha kwamba mara nyingi aina ya deni huumiza familia kuliko ukubwa wake.

Ushauri nasaha ni nini, na si nini

Dawa ya deni ni kulipa, na mshauri nasaha halipi deni la mtu. Hatoi mkopo, hahukumu nani mkosaji, na hamwamrishi mtu kuacha au kurudi katika ndoa. Kazi yake ni kuwapa wahusika mahali salama pa kusema yale ambayo nyumbani husemwa kwa kelele au hayasemwi kabisa, kisha kuwasaidia wafikie mpango wanaoweza kuutekeleza.

Kikao huchukua takriban saa moja. Mtu anaweza kwenda peke yake, mume na mke wakaenda pamoja, au familia nzima ikaketi. Siku ya kwanza mshauri husikiliza zaidi kuliko kuongea. Atauliza kuhusu usingizi, hamu ya kula, kazi, watoto, na kama kuna anayepigwa au kutishwa nyumbani. Vikao vinavyofuata hushughulikia jambo mojamoja: deni liko wapi na ni kiasi gani, nani anajua na nani amefichwa, ni ahadi zipi zilitolewa, na ni zipi haziwezi kutimizwa.

Wengi huogopa kwamba siri zao zitafika sokoni. Anayoyasikia mshauri nasaha ni siri ya kazi. Anaweza kuivunja tu pale maisha ya mtu yamo hatarini au mtoto anadhulumiwa, na hilo huelezwa mwanzoni. Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 inawataka wanaotoa huduma hii wasajiliwe, hivyo mkazi ana haki ya kuuliza kama anayemhudumia amesajiliwa.

Wazee wa kijiji, maimamu na wachungaji wamekuwa wakisuluhisha familia tangu zamani na bado wana nafasi yao. Hata hivyo, mzee anapokuwa ndugu wa mmoja wa wanaozozana, au ni mmoja wa wanaodai, haki huwa ngumu kuonekana. Mshauri nasaha hana shamba wala deni katika jambo hilo. Wengine huenda kwa mshauri kwanza, kisha wakapeleka makubaliano yao mbele ya wazee ili yashuhudiwe. Njia hizi mbili hazipingani.

Kabla ya kuondoka: kikao cha familia

Wakati mzuri zaidi wa kutafuta ushauri ni kabla ya safari, wakati bado watu wanazungumza. Familia inayojiandaa inaweza kutumia kikao kimoja au viwili kujibu maswali yafuatayo na kuyaandika:

- Tunadaiwa na nani, kiasi gani, na riba ni ngapi? Kila deni liandikwe, pamoja na michango ya ndugu.
- Mshahara ukifika, ni kiasi gani kitalipa deni, kitakula nyumba na kitawekwa akiba kwa jina la anayefanya kazi?
- Pesa zitatumwa kwa nani, na atatoa hesabu kwa njia gani? Picha za risiti kila mwisho wa mwezi huzuia ugomvi mwingi.
- Kazi ikiharibika mwezi wa pili, tutafanya nini?
- Nani atakaa na watoto, na je, amekubali au amelazimika?

Anayebaki pia ana maswali yake. Mume anayebaki na watoto hupata maneno ya majirani kwamba anakula jasho la mwanamke. Mke ambaye mumewe amekwenda Qatar huishi chini ya macho ya wakwe wanaotaka kujua kila shilingi imetumikaje. Mambo haya yakizungumzwa mapema hayaondoki, lakini hayamkuti mtu bila kujiandaa.

Kuhusu ardhi, tahadhari ni muhimu. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inasema nyumba ya ndoa haiwezi kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi wa ndoa. Shamba la kilimo haliuzwi kihalali bila idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi. Karatasi iliyosainiwa usiku kwa shailoki, mke au mume akiwa hajui, inaweza kupingwa. Anayenunua ploti akiwa ughaibuni naye aiandikishe kwa jina lake mwenyewe, na anayemwakilisha apewe hati ya uwakilishi iliyoandaliwa na wakili na inayotaja kazi hiyo tu. Ndugu wengi wameacha kusalimiana kwa sababu ya nyumba iliyojengwa kwa jina la mwingine.

Akiwa kazini: simu, kimya na uvumi

Saa za Riyadh na Doha ni sawa na za Kilifi, na Dubai na Muscat ziko mbele kwa saa moja tu. Kwa hivyo simu haisumbuliwi na saa bali na kazi. Mfanyakazi wa nyumbani anaweza kuamka kabla ya alfajiri na kulala usiku wa manane. Chini ya mfumo wa kafala, kibali chake cha kuishi nchini humo kimefungamanishwa na mwajiri wake, na baadhi ya waajiri huchukua simu za wafanyakazi. Kimya cha wiki moja huenda kisiwe usaliti. Kinaweza pia kuwa dalili ya shida kubwa.

Familia zinashauriwa kukubaliana mapema ni siku ngapi za kimya zitakuwa nyingi mno, na baada ya hapo nani achukue hatua. Nyumbani kubaki nakala ya pasipoti, visa, mkataba wa kazi, jina na anwani ya wakala, na nambari ya simu ya mwajiri. Mtu akipotea, nyaraka hizo ndizo zitakazoulizwa na wakala, NEA, Idara ya Serikali ya Masuala ya Diaspora na ubalozi wa Kenya.

Ushauri nasaha unaweza kuendelea hata mmoja akiwa mbali. Familia inaweza kumuuliza mshauri kama kikao kinaweza kupangwa kwa simu siku ya mapumziko ya aliye ughaibuni, mwenzake akiwa ameketi na mshauri huku nyumbani. Jambo la kwanza linalofanyiwa kazi mara nyingi ni namna ya kuzungumza. Mazungumzo yanayoanza na "umetuma ngapi?" kila mara humfanya aliye mbali ajione kama mashine ya kutoa pesa. Familia hufundishwa kutenga simu ya hesabu na simu ya kujuliana hali, na kutopokea uvumi wa mitandaoni kabla ya kumsikia mhusika mwenyewe.

Watoto wanaobaki

Mtoto haelewi riba. Anajua tu kwamba mama hayupo. Wengine hurudia kukojoa kitandani, wengine hupigana shuleni, na wengine huwa wapole kupita kiasi. Vijana waliokomaa kidogo huanza kutoroka shule au kutegemea vitu vinavyotumwa badala ya mzazi. Nyanya anayewalea naye huchoka, hasa ikiwa pesa zinapitia kwa mtu mwingine na yeye anaachiwa kazi tu.

Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inaweka wajibu wa malezi kwa wazazi wote wawili, wawe wameoana au la, na wajibu huo hauishi mzazi anapovuka mpaka. Kabla ya kuondoka, mzazi amwachie mlezi cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kitabu cha kliniki na usajili wa Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), na aujulishe uongozi wa shule ni nani wa kupigiwa simu. Pale ambapo wazazi wanavutana kuhusu nani akae na mtoto, afisa wa watoto wa kaunti ndogo ndiye wa kuendewa.

Mtoto aambiwe ukweli kwa lugha anayoielewa: mama amekwenda wapi, atapiga simu lini, na kwamba kuondoka kwake si kosa la mtoto. Ahadi ya "nitarudi Krismasi" wakati mkataba ni wa miaka miwili humuumiza mtoto kuliko ukweli.

Wadai wanapobisha mlango

Sehemu kubwa ya hofu hutokana na kutojua haki. Mambo manne yanafaa kufahamika.

Kwanza, kushindwa kulipa mkopo peke yake si kosa la jinai. Polisi hawana mamlaka ya kumkamata mtu kwa sababu tu anadaiwa. Kifungo cha madai kipo, lakini hutolewa na mahakama baada ya kesi kusikilizwa na mdaiwa kupewa nafasi ya kujieleza. Hakitolewi na dalali wala wakala wa mkopo.

Pili, Kanuni za Watoaji Mikopo ya Kidijitali za mwaka 2022 chini ya Benki Kuu zinakataza vitisho, matusi na kuwapigia au kuwatumia ujumbe watu walio kwenye orodha ya simu ya mdaiwa ili kumwaibisha. Aliyefanyiwa hivyo ahifadhi ujumbe huo na kulalamika kwa Benki Kuu au Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data.

Tatu, kila Mkenya ana haki ya kupata bila malipo ripoti moja kwa mwaka kutoka kwa kampuni ya taarifa za mikopo, maarufu CRB. Ripoti hiyo huonyesha madeni yaliyosajiliwa kwa jina lake. Ni mahali pazuri pa kuanzia kwa familia ambayo haina hakika inadaiwa na nani.

Nne, dalali aliyekula pesa bila kumpatia mtu kazi anaweza kushtakiwa katika Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni. Mahakama hiyo iliundwa ili kesi zimalizike ndani ya siku 60, na mtu anaweza kujiwakilisha bila wakili.

Haki hizi hazifuti deni halali. Zinampa mdaiwa nafasi ya kupumua ili aketi na anayemdai wapange upya malipo. Mdai mwenye busara hupendelea mdaiwa anayelipa kidogo kidogo kuliko anayezima simu. Kukopa mkopo mpya wa simu ili kulipa ule wa zamani ni kuchimba shimo ukiwa ndani yake.

Anaporudi

Kurudi nako kuna mitihani yake. Aliyefanikiwa hukuta orodha ya maombi ikimsubiri kabla hajafungua begi. Aliyerudi mikono mitupu, pengine baada ya kunyimwa mshahara au kudhulumiwa, hushuka kwenye basi usiku ili asionekane. Deni aliloliacha linamsubiri, na waliomchangia wanamtazama.

Wiki za kwanza zinahitaji upole. Familia ijiepushe na maswali ya pesa, imwache alale na ale, na impeleke kituo cha afya akapimwe. Akiwa alipigwa au kunajisiwa, matibabu na ushauri nasaha ni haki yake hata kama miezi imepita. Ikiwa alidanganywa kuhusu kazi au kuzuiliwa kwa nguvu, huenda hilo likawa kosa chini ya Sheria ya Kukabiliana na Ulanguzi wa Binadamu ya mwaka 2010, na anaweza kuripoti kwa polisi. Anayeshtuka usingizini, anayekwepa watu au asiyeweza kusimulia yaliyompata bila kutetemeka hana wazimu. Hizo ni dalili za kiwewe, na hutibika.

Mume na mke waliokaa mbali miaka miwili au zaidi huwa wamebadilika. Aliyebaki amezoea kuamua peke yake, aliyerudi amezoea kuwa na mshahara wake. Vikao vichache vya ushauri wakati huu husaidia kugawana upya majukumu kabla kila mmoja hajaanza kuhisi kwamba mwenzake ni mgeni.

Dalili za kutopuuzwa

Mawazo ya deni ni ya kawaida. Lakini kuna wakati yanavuka mpaka. Usingizi ukikosekana kwa zaidi ya wiki mbili, mtu akiacha kazi na kujitenga, akianza kulewa kila siku, akiwapiga mke, mume au watoto, au akisema maneno kama "mngekuwa afadhali bila mimi", usaidizi usicheleweshwe.

Anayesema maneno hayo asikemewe wala asiachwe peke yake. Ni sawa kumuuliza waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo, bali humpa nafasi ya kusema. Aondolewe karibu na dawa za shambani na vitu vingine vya hatari, kisha apelekwe hospitali. Familia zisiogope kwamba mgonjwa atakamatwa. Mwaka 2025 Mahakama Kuu ilitangaza kuwa kifungu cha sheria kilichofanya jaribio la kujiua kuwa jinai kinakiuka Katiba.

Mahali pa kuanzia

Mkazi anaweza kuanza na mhamasishaji wa afya ya jamii anayetembelea kijiji chake. Wahamasishaji hawa huhudumia takriban nyumba 100 kila mmoja na wanaweza kumwelekeza mtu bila kutangaza shida yake. Hatua inayofuata ni zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, ambako huduma za msingi hulipiwa na Hazina ya Afya ya Msingi kwa waliojisajili na SHA. Si kila zahanati ina mshauri nasaha wake. Pale ambapo hayupo, mhudumu hutoa barua ya rufaa kwa hospitali kubwa zaidi, zikiwemo Hospitali ya Rufaa ya Kaunti mjini Kilifi na hospitali za kaunti ndogo za Malindi na Mariakani.

Anayekwenda anashauriwa kubeba kitambulisho na, kama lipo, daftari la madeni au nakala ya mkataba wa kazi. Asiye na karatasi yoyote aende tu. Si lazima mume na mke wakubaliane ndipo mmoja aanze.

Nambari hizi hupigwa bila malipo kutoka popote nchini:

- 1199: Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, kwa usaidizi wa kisaikolojia
- 1195: dhuluma za kijinsia na za nyumbani
- 116: watoto walio hatarini

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Deni nalo likifichwa hukua, na riba yake hulipwa kwa usingizi, kwa ndoa na kwa masomo ya watoto. Familia inayopanga kumsafirisha mtu mwezi huu inaweza kuanza leo na kalamu na karatasi moja: tunadaiwa nini, na nani, na tutalipaje. Ikiwa swali hilo haliwezi kujibiwa bila ugomvi, basi huo ndio wakati wa kumwona mshauri nasaha.